Mwenye Kuhesabu Yuko Nyuma

Mambo haya yalimpata jirani yangu, na hata shati hili nililovaa alilipiga pasi yeye. Sisemi nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Alinieleza mwenyewe, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya duka lake, na pale alipokwama mkewe akamalizia. Atakayecheka na acheke, meno ni yake.

Sote tunamwita Dobi. Ana duka la kufulia lenye mashine tatu, mbili za kazi na moja ya kujivunia tu. Mkewe hupokea nguo mbele, yeye hupiga pasi nyuma, na katikati yao kuna pazia. Ni kazi ya kusimama kutwa, na labda ndiyo iliyomtia wazimu wa kukimbia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuna mbio za barabarani za kilomita tano mtaani kwetu. Hazina zawadi. Unapata chupa ya maji, na jina lako linabandikwa ukutani pamoja na muda wako.

Muda bora wa Dobi ulikuwa dakika ishirini na sekunde nne. Alitaka kushuka chini ya ishirini, basi, mara moja tu kabla hajatimiza miaka arobaini. Ukienda kuchukua suruali yako unapewa na hotuba ya sekunde nne, utake usitake.

Aliyemsaidia ni shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, mwalimu wa hesabu. Mwalimu aligundua ugonjwa wa Dobi mapema: akitazama saa anapaparika, anakaza mwendo kabla ya wakati, na kilomita ya nne pumzi inamwishia. Akamvua saa. Akamwambia akae mbele akimbie tu, saa ataivaa yeye na atakaa nyuma yake akihesabu hatua, moja mpaka nane, moja mpaka nane, na kila kilomita atamtajia muda. Akaweka na sharti.

"Ukisikia nimenyamaza, shemeji, geuka. Mimi sinyamazi hivi hivi."

Wakacheka, Dobi na mkewe pia, maana kweli Mwalimu alikuwa na mdomo tangu utoto.

Walifanya hivyo miezi minne, na mambo yakawa yanakwenda. Ikafika Jumapili moja ya asubuhi tulivu, hakuna upepo, barabara imenyooka. Kilomita ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi. Kwenye ya nne, pale ulipo ukuta mrefu wa ghala, Mwalimu akataja muda: dakika kumi na tano, sekunde hamsini na nane. Dobi akahisi furaha inampanda kifuani. Sekunde mbili za akiba, zake mwenyewe.

Nyuma hesabu ikaendelea. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Sita haikuja.

Kilisikika kiatu kinakwaruza changarawe, halafu kishindo kidogo, kama gunia la nguo linalotuliwa chini. Dobi alisikia. Nasema alisikia kwa sababu ndivyo asemavyo mwenyewe. Shingo yake ilianza kugeuka, naye akaizuia. Kugeuka ni sekunde mbili. Alikuwa na mbili tu.

Alimaliza kwa dakika kumi na tisa na sekunde hamsini na tisa, watu wakampigia makofi. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mkono kifuani. Wakimbiaji waliokuja nyuma walidhani anapumzika, wakampungia mkono, wakapita. Aliyesimama ni bibi mmoja ambaye kila mwezi hutembea mbio zote na kushika mkia. Alipomshika bega, Mwalimu akalala ubavu. Daktari alisema ni moyo, na kwamba angewahiwa robo saa kabla, huenda wangekuwa wanazungumza lugha nyingine.

Msibani Dobi aliulizwa mara moja tu, tena kwa upole. Akasema alidhani mwenzake amechoka akapunguza mwendo, hakusikia kitu. Uongo ule ulimtoka laini, hata mwenyewe akashangaa. Mkewe akamkumbatia kichwa, akamwambia asijilaumu. Mama mkwe akamshika mikono miwili, akashukuru kwamba mwanawe hakuwa peke yake siku ile, alikuwa na mtu wake. Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona haya kuwa hai. Lakini angesema, mke ndiyo basi tena, na bila mke yule Dobi si kitu. Akanyamaza.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa kilomita tano.

Miezi mitatu hakukimbia. Kisha asubuhi moja akavaa viatu, akidhani jasho litamtoa kile kilichomkaa rohoni. Barabara ilikuwa tupu na jua limeshatoka. Alipoufikia ukuta wa ghala akasikia mtu anapumua nyuma yake.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kimya.

Hakugeuka. Alikimbia mpaka dukani, akafunga mlango, akakaa sakafuni katikati ya mashuka ya watu. Siku ya pili akabadili njia. Ikamfuata. Akaamua kukimbia kilomita moja tu, asiufikie ukuta. Ikamfuata hata huko. Hesabu ilikuwa ileile, taratibu, haina hasira. Ingekuwa na hasira, anasema, angeivumilia.

Na ajabu ni kwamba muda wake ulizidi kushuka. Alirudi mashindanoni kwa sababu watu walimsihi afanye hivyo kwa heshima ya marehemu, akamaliza kwa kumi na tisa na thelathini na moja. Mwezi uliofuata, kumi na tisa na mbili. Jina lake lilipanda ukutani kila mwezi, watu wakija dukani kumpongeza, naye akitoka kwenda kutapika nyuma ya ile mashine ya kujivunia. Walimwita mkimbiaji. Mtu hukimbia vile akiitwa na zawadi au akifukuzwa na simba, na zawadi nimeshawaambia haikuwepo.

Mwaka ukatimia. Wenye mbio wakaamua Jumapili ile iwe ya kumkumbuka Mwalimu. Mkewe Dobi akasimama kwenye mstari wa kumalizia, na mama mkwe kando yake, ameshika chupa ya maji aliyomwekea mkwewe. Dobi alikuwa amesema nyumbani kwamba anaumwa tumbo. Mkewe akamtazama, akamwambia avae viatu.

Akakimbia. Kulikuwa na watu ishirini hivi karibu naye, anawasikia wanavyohema. Ukuta ukatokea.

Moja.

Akakaza mwendo.

Mbili. Tatu.

Sauti ilikuwa sikioni kabisa.

Nne. Tano.

Kimya.

Dobi akasimama. Miguu ilikataa, akailazimisha. Akageuka.

Barabara ilikuwa tupu. Wale watu ishirini hawakuwepo, wala sauti ya viatu vyao, wala ndege. Kulikuwa na ukuta tu, na jua juu yake. Chini ya ukuta vumbi lilikuwa linapanda polepole, kama linavyofanya mtu akiinuka pale alipokuwa amekaa.

Akangoja. Anasema hajawahi kungoja vile.

"Sita," ikasema sauti.

Haikutoka nyuma tena. Ilitoka upande wa kumalizia, hatua chache kutoka alipo, kama ya mtu anayeongoza njia.

Mara wakimbiaji wakawa wanampita kulia na kushoto, mmoja akimuuliza kama ameumia. Akaanza kutembea. Saba, nane, kisha moja tena, sauti mbele, yeye nyuma. Alitembea kilomita nzima hivyo, akafika wa mwisho, bega kwa bega na yule bibi anayeshika mkia. Hesabu ilimfikisha mbele ya mkewe ikakoma hapo.

Mkewe alimwona alivyopauka. Dobi akamwinamia sikioni.

"Nilimsikia alipoanguka," akanong'ona. "Nilisikia. Sikugeuka."

Mwanamke yule hakulia wala hakumpiga.

"Najua," akasema. "Ukishika pasi unahesabu. Mwaka mzima sasa. Unafika tano unanyamaza. Sauti si yako, ni ya mdogo wangu. Mimi niko mbele ya pazia na nguo za watu mikononi, na kila siku ukinyamaza, mimi nageuka."

Dobi hakuwa na habari. Aliniapia kwamba hakuwahi kufungua mdomo akipiga pasi.

"Nilikuwa nangoja uniambie," mkewe akasema. "Sasa kamwambie mama. Yule pale."

Akaenda. Akamwambia yote, amepiga magoti kwenye lami, watu wakijifanya hawaoni. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, kama mwanawe aliita. Dobi akasema hapana, hakuita, alinyamaza tu. Mama akakikaza kizibo cha ile chupa ya maji, akaiweka mkobani, akaondoka. Tangu siku ile hajafika dukani.

Mkewe hajaondoka. Wanafanya kazi pamoja, pazia wamelitoa, na maneno baina yao ni ya kupima. Nilimuuliza Dobi kama bado anasikia kitu. Akasema hapana. Akasema na kimya nacho kina mzigo wake, nisimtanie.

Halafu akanipeleka uani, kwenye kamba. Ile fulana aliyokimbia nayo siku ile ya kumbukumbu ilikuwa inaning'inia peke yake. Aliifua jioni ileile, akaianika, na pale uani jua halina mchezo, shuka hukauka kwa saa moja. Siku niliyoiona ilikuwa na wiki tatu kambani. Ilikuwa imekauka kote, ngumu kama karatasi, isipokuwa mgongoni kati ya mabega. Hapo palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimekunjuliwa vizuri, kama cha mtu anayemsukuma mwenzake taratibu aende mbele. Mkewe alitoka na beseni la nguo, akapita bila kututazama. Nikaigusa ile alama. Ilikuwa mbichi, na ilikuwa na joto.