Gauni la Kulikulia

Jumatatu Injinia aliamka kama siku zote. Akanywa chai, akafungua simu, akakuta barua pepe nyingine ya "tunasikitika kukujulisha", akaitukana kimoyomoyo, akaenda chumba cha uani kukunja waya. Jina la Injinia alibandikwa na majirani. Kila wakipita humuuliza daraja litaisha lini. Digrii ya mitambo anayo, ya kweli kabisa, ila miaka minne ya sivii na intavyuu imemfikisha hapo tu: kutengeneza mifupa ya vikaragosi vya kikundi cha maigizo.

Alikuwa akiishi kwa dada yake. Miezi mitano nyuma dada alimzika bintiye wa pekee, wa miaka sita, na tangu hapo chakula kilikuwa hakimshuki. Asubuhi ile alikuja na gauni la shule ambalo mtoto hakuwahi kulivaa, akaomba kikaragosi cha kulivaa. Injinia alitaka kukataa. Akautazama mfupa wa mtulinga wa dada yake ulivyochomoza chini ya shingo, akalipokea gauni.

Vipimo alivitoa kwenye alama za penseli mlangoni, pale mtoto alipokuwa akipimwa urefu. Mgongo na miguu aliikunja kwa nondo nyembamba, akizibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Mikono na vidole, waya mgumu, akiuzungusha kwenye misumari aliyoipigilia ubaoni. Waya ule una kiburi: ukiukunja unarudi nyuma kidogo, kwa hiyo lazima uupitilize. Kichwa akakata sponji, bila uso.

Gauni lilikipwaya kikaragosi. Nguo ya mtoto hununuliwa kubwa, aikulie. Mikono ya gauni ilifunika vidole vyote.

Siku hiyo dada alimaliza sahani.

Jumatano vidole vilichungulia. Injinia alijiambia waya umejinyoosha. Ijumaa gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti. Akapima paja. Nondo aliyoikata kwa mkono wake ilizidi kipimo kwa upana wa vidole viwili. Akatafuta palipoungwa.

Hapakuwapo.

Akakishusha kikaragosi ukutani, akalibana paja kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. Dada alikuwa mlangoni, uzi na sindano mkononi. Alikuja kushusha pindo.

"Unamfanya nini?" akanong'ona.

"Namrudisha kwenye kipimo, dada. Hiki kitu si cha kawaida."

"Najua." Mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa tena. "Hakuwahi kukua, mdogo wangu. Mwache akue."

Injinia akaweka mkono juu ya nondo ili asawazishe msumeno. Chuma kilikuwa na joto. Si la jua. Joto la mtoto aliyetoka kulala.

Akafungua jiliwa. Taratibu, asimwamshe.

Jumamosi mchana dada alipeleka sahani ndogo uani. Alimega kutoka kwenye yake. Sahani ilirudi safi. Injinia akasema ni panya. Jumapili alimega zaidi ya nusu. Kufikia Alhamisi alikuwa akimpelekea yote, na mtulinga ulikuwa umechomoza kuliko mwanzo, na alikuwa akitabasamu.

Ijumaa Injinia alifagia unga wa chuma chini ya meza. Kitu kidogo cheupe kikaviringika mbele ya ufagio. Akakiokota.

Jino la utoto.

Mtoto alizikwa na meno yake yote. Na hili, kwenye mzizi, lilikuwa bado na damu mbichi.