Pumzi ya Bombani

Viputo vilianza kidogo kidogo. Vilitoka kwenye matundu ya kurudishia maji, vikapanda, vikapasuka juu ya bwawa la kuogelea, na kila kimoja kiliacha harufu ya mdomo usiojua mswaki. Watoto walicheka wakisingiziana kujamba. Mwalimu wao wa kuogelea hakucheka. Alimpigia simu mdogo wake, fundi wa mabomba.

Fundi huyu walimwita Mapafu. Wenzake wakitafuta bomba linapovuja hutumia mashine ya upepo. Yeye huweka mdomo kwenye ncha ya bomba, akapuliza, kisha akasikiliza. Alijisifia hilo mpaka akachosha watu.

"Pampu inavuta hewa mahali fulani, dada," alisema, amechuchumaa kwenye chumba cha pampu. "Mfuniko umelegea, au kiungo kimoja kina ufa. Jambo dogo tu."

"Liwe dogo kweli. Mwanao anaingia humo leo mchana."

Binti wa Mapafu, wa miaka sita, alikuwa tayari nje na vazi lake la kuogelea, akining'iniza miguu kwenye benchi.

Mapafu alifungua mfuniko wa pampu. Ndani ya kikapu cha kunasia majani na nywele mlijaa makohozi. Mazito, ya kijani, yenye nyuzinyuzi. Aliyachota kwa mkono, maana fundi wa mabomba hachagui uchafu, nayo yakamng'ang'ania vidoleni, yana joto. Akabadilisha mpira wa mfuniko, akafunga, akawasha pampu, kisha akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Penye ufa, povu hufyonzwa ndani. Kwenye kiungo cha mwisho, karibu na ukuta, povu lilifyonzwa. Halafu likarudi. Likaingia tena, likatoka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Alizima pampu. Povu likaendelea kuingia na kutoka.

"Dada," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Dada yake alitazama, akaziba pua kwa ukosi wa shati. "Linapumua," alinong'ona. "Hilo ni jini. Toka humo. Nafunga bwawa, tutafute mtu wa kulitoa."

Angemsikiliza, yote yangeishia kwenye kufuli. Lakini mtu akishikwa na hofu mikono hukimbilia ilichozoea, na ya Mapafu ilikimbilia msumeno. Alikata bomba pale penye kiungo, akaifuta ncha kwa kiganja, akaweka mdomo, akapuliza.

Pumzi yake ilikwenda mbali, ikapita chini ya sakafu, ikapita chini ya bwawa, na huko mwisho ikapokelewa, maana aliisikia ikivutwa kwa nguvu kuliko alivyoipuliza, mapafu yakanyonywa mpaka mbavu zikambana, na kabla hajabandua midomo akarudishiwa kitu, kinene, cha vuguvugu, chenye ladha ya usaha na matumbo ya kuku yaliyoshinda juani, kikapita juu ya ulimi, kikajibanza kooni, kikateremka chenyewe bila yeye kumeza.

Alitapika mpaka nyongo. Kile kitu hakikutoka.

Akafunga kiungo kipya, akawasha pampu. Povu lilitulia, na bwawani hakikuonekana hata kiputo kimoja. Dada alimshukuru huku akimsogezea maji ya kusukutua. Mapafu alikuwa amebana midomo, kwa sababu kila alipopumua, nyuma ya pumzi yake ilifuata nyingine, nayo ilinuka bomba. Aliogopa sana, na aliona aibu kusema.

Akatoka nje, dada yake nyuma yake, kumzuia binti yake asiingie majini. Mtoto alimkimbilia, akateleza kwenye vigae, goti likachubuka. Akakaa papo hapo akilia, akamnyooshea mguu kama alivyozoea.

"Baba, nipulizie."

Alitikisa kichwa.

"Nipulizie, baba. Linauma."

Alitaka kumwambia hapana, aende kwa shangazi yake, akae mbali na baba yake. Ili aseme, ilibidi afungue mdomo. Pumzi ikatoka yenyewe, ndefu, nzito, ikapita gotini, ikampanda mtoto usoni. Mtoto akanyamaza kulia.

"Shangazi," alisema akikunja uso, "pua yangu inawasha."

Shangazi aliinama na kitambaa amfute. Kwenye tundu la pua ya mtoto kilichungulia kiputo cha kijani. Kiliingia. Kikatoka.