Maji ya Kijitoni

Miezi ya kupukutika majani ndiyo miezi ya kazi kwetu, sisi tunaoishi kando ya barabara iendayo hifadhi ya Yedigöller. Watu wa mjini huja na magari yao kuyatazama maziwa saba ya hifadhi na misitu inayogeuka manjano na nyekundu. Wao wanayapiga picha majani, sisi tunayafagia. Ukimaliza kufagia meza ya mwisho, ya kwanza imeshajaa tena.

Hanife, binti wa darasa la sita, alikuwa akifagia tangu shule zilipofunguliwa. Kila Jumamosi na Jumapili aliamka kabla jua halijavuka mlima, akawasha kuni chini ya bamba la chuma, akafagia, kisha akachukua madumu mawili kwenda kuteka maji. Mama yake, Meral, alikuwa na kibanda cha kuuza gozleme, zile chapati nyembamba zinazojazwa jibini, pamoja na chai na mtindi wa kunywa, ule unaopigwa kwa maji na chumvi mpaka utoe povu. Baba yake aliendesha lori la magogo na kurudi nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo kazi yote ya kibanda ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa bado mtoto.

Kila jioni mama alimuuliza kama amechoka, na kila jioni Hanife alijibu hapana. Alikuwa akimwona mama anavyojishika kiuno akiinuka kutoka kwenye moto, akaona haya kulalamika. Mama naye aliridhika na jibu hilo, akaendelea kukanda unga wa kesho.

Ikafika Jumamosi ambayo Mwalimu Tuncay alipanga kulipeleka darasa lake hifadhini. Hanife alikaa karibu kuliko wenzake wote, lakini maziwa yenyewe alikuwa ameyaona mara moja tu, akiwa amebebwa mgongoni, na hakukumbuka kitu. Mama alimruhusu bila kusita. Alimwomba jambo moja tu, kwamba ateke maji kabla ya kuondoka.

Chemchemi iko juu mlimani na njia yake ni mawe matupu. Kijito kiko nyuma tu ya kibanda, unainama, unachota. Ila kijito hicho hupita chini ya zizi la ng'ombe la jirani, na hakuna mtu kijijini asiyejua kwamba maji yake ni ya kuoshea magari. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali. Hanife alisimama na madumu yake matupu, miguu mizito, macho yakimuuma kwa usingizi. Akajiambia kwamba siku za baridi watu hawataki kitu ila chai, na maji ya chai lazima yachemke. Akainama, akachota.

Mama alishangaa kumwona amerudi upesi.

"Umeteka chemchemini?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akupe afya, mwanangu. Haya, kavae koti, basi linakuja."

Basi lilikuja likiwa limejaa kelele. Hanife alikaa pamoja na rafiki yake Sevde. Wakati wa kiangazi Sevde alikunywa maji ya mfereji wa bustanini, akalazwa hospitalini mjini Bolu kwa ugonjwa wa tumbo mpaka wenzake wakaanza kuogopa kuulizia habari zake. Sasa alikuwa amepona, lakini mikono yake ilikuwa bado myembamba, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza tangu atoke hospitali. Alikuwa amefurahi kiasi kwamba hakuweza kukaa akatulia.

Barabara ilipoanza kuteremka kwenye kona kali, Mwalimu Tuncay alisimama, akashika kiti, akasema ana habari njema. Wakirudi watakula kwa mama yake Hanife. Ameshazungumza naye, atawapikia gozleme za moto na kuwapigia pipa zima la mtindi. Darasa lilishangilia.

"Mtindi, jamani!" Sevde alisema, akimkumbatia Hanife. "Daktari kanikataza soda, kanikataza pipi, lakini mtindi kaniruhusu. Uji wa hospitali ulinikinaisha mpaka nikauota mtindi."

Hanife aliyakumbuka madumu. Mtindi hauchemshwi. Mama angeyachukua yale madumu mawili, angeyamimina kwenye pipa kwa moyo mweupe, kwa sababu binti yake amemwambia ni maji ya chemchemi. Hanife aliegemeza kichwa chake kwenye kioo cha dirisha, akatamani basi ligeuke.

Walishuka kando ya ziwa kubwa. Maji yalikuwa yametulia, na majani yalikuwa yakianguka juu yake moja moja. Wenzake walikimbia huku na huko, wakirushiana majani na kupiga kelele darajani. Hanife alimfuata mwalimu, akamwuliza kama anaweza kuazima simu yake ampigie mama.

"Huku chini hakuna mtandao, Hanife, wewe si mwenyeji? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

Ulikuwa uongo wa pili siku ile, na huu ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Hilo lilimtia hofu zaidi. Akaenda akakaa kwenye gogo la mti ulioanguka, akiwaza namna atakavyosema. Mbele ya wanafunzi wote? Mbele ya mama, ambaye atakuwa amevaa kilemba chake kipya kwa ajili ya wageni? Aliwaza mpaka mawazo yakamchosha kuliko madumu, na uchovu wote wa majuma yale ukamshukia kwa pamoja. Alilala akiwa amekaa, kichwa kikiwa magotini.

Okan, mtani wa darasa, alitaka kumwekea majani kichwani awe kichaka. Mwalimu Tuncay alimzuia. Alimtazama msichana yule jinsi alivyolala fofofo katikati ya kelele zote zile, akavua koti lake, akamfunika. Hanife alipoamka, wenzake walikuwa wameshapanga foleni mlangoni mwa basi. Maziwa saba yalikuwa yamempita, na hakuwa ameliona vizuri hata hilo moja.

Njia yote ya kupanda aliirudia sentensi yake kimyakimya. Basi liliposimama, alikuwa bado hajaitoa.

Kibandani meza zilikuwa zimefagiwa na vikombe vimepangwa, kila kimoja na povu lake jeupe. Watoto walimbusu mama Meral mkono na kuuweka kwenye paji la uso kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, na mwalimu akamwambia pole na kazi. Alijibu kwamba kazi ilikuwa ndogo, baridi imewafanya wapita njia watake chai tu, na huu mtindi ni wa kwanza kuupiga leo. Kisha akachukua kikombe cha mwanzo, akampa Sevde, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Sevde alikishika kwa mikono miwili, akakipeleka kinywani. Hanife aliona povu likigusa mdomo wake. Alipenya kati ya wenzake, akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Usinywe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Usinywe. Wote msinywe. Mama, yale maji si ya chemchemi. Nimeteka kijitoni."

Okan, aliyekuwa amejichukulia kikombe mezani bila kungoja, alikitazama, kimebaki nusu.

"Mimi nimeshakunywa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Mama Meral alikuwa na kijiti cha kusukumia chapati mkononi. Alikiweka chini taratibu. Hakugomba. Aliinama, akashika pipa lile kwa masikio yake mawili, akalimwaga lote chini ya mti wa plamu. Ulikuwa mtindi wa ng'ombe wao, aliokusanya wiki nzima. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Hanife alitamani mama angempigia kelele.

Mwalimu Tuncay ndiye aliyeanza kusogea. Alimpigia simu baba yake Okan, akamweleza yote na kumwomba ampeleke mtoto zahanati wakifika tu. Kisha akauliza chemchemi iko wapi. Hanife alichukua madumu, akayasuuza kwa maji ya moto, akaongoza njia. Wenzake walimfuata. Katikati ya mawe dumu moja lilimponyoka Sevde, akacheka akihema.

"Huku ndiko unakopanda kila mwisho wa juma?" aliuliza. "Kabla ya chai?"

"Ndiyo."

"Mbona hujawahi kusema?"

Hanife aliliokota dumu, akaendelea kupanda. Walirudi na maji safi, wakaosha vikombe, wakala gozleme kwa chai. Hakukuwa na mtindi, na waliokuwa na hamu nao walinung'unika kidogo, lakini Sevde alikula mbili.

Basi lilipoondoka, mama na binti walibaki na meza zilizojaa majani upya. Hanife alishika ufagio. Mama akamwambia auache, akae.

"Mtindi umekwenda, basi," mama alisema. "Unajua kilichoniuma? Asubuhi nilikuuliza, ukaniambia chemchemini. Kama Sevde angekunywa, ningekuwa nimemuua mtoto wa watu kwa mkono wangu, huku nikitabasamu."

"Nilikuwa nimechoka, mama," Hanife alisema, na hapo machozi yakamtoka.

"Najua. Na kila jioni nakuuliza, unasema hapana. Mimi nami nakubali, kwa sababu ndilo jibu ninalolitaka. Hapo kosa ni la wawili." Alimfuta uso kwa ncha ya kilemba. "Sikiliza. Kuchoka si dhambi. Mtu akichoka husema, akasaidiwa au akangojewa. Akificha, ndipo anaanza kutafuta njia za mkato, na kila njia ya mkato inataka uongo wa kuifunika. Mwisho wake anayeumia ni asiyejua lolote. Umesema leo, umechelewa, lakini umesema. Kesho usichelewe."

Kisha akamwuliza maziwa yalikuwaje.

"Sikuyaona. Nililala."

Mama alitaka kucheka, akashindwa.

Okan aliumwa tumbo Jumapili nzima, akarudi shuleni Jumatano na hadithi ambayo iliendelea kukua kila alipoisimulia. Hanife alimwomba radhi mbele ya darasa. Okan alisema atamsamehe kwa gozleme, tena za nyama.

Jumamosi iliyofuata Hanife aliamka, akawasha moto, akachukua madumu. Mama alikuwa akikanda unga. Alimwangalia binti yake kwa muda, mikono ikiwa bado ndani ya sufuria.

"Umechoka?"

"Ndiyo, mama. Sana."

"Hata mimi," mama alisema.

Alinawa mikono, akatundika mlangoni kibao cha kuonyesha wamefunga, akamimina chai mbili. Walikunywa bila haraka. Kisha wakavaa makoti, wakasimama kando ya barabara kungoja gari la kuwateremsha maziwani, na majani mezani wakayaacha yajae.