Ganda Lenye Wino wa Kijani

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumapili, Lyle Kittelson alimkuta Orville Haugstad amelala kifudifudi mbele ya handaki la shabaha, shimo ambamo mtu hujikinga akiweka alama za risasi, nyundo bado mkononi, risasi imempita kifuani. Ni Lyle aliyempigia simu sherifu. Mpelelezi Marlys Tveit alipofika kwenye uwanja wa klabu ya Tamarack Flats, dakika ishirini baadaye, hakuitazama maiti kwanza. Alitazama bendera nyekundu iliyokuwa ikipepea juu ya mlingoti.

Bendera nyekundu ikiwa juu, hakuna anayegusa bunduki. Watoto wa Montana hujua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Aliyefyatua aliiona, na bado akafyatua. Isitoshe, geti lilikuwa na kufuli, na funguo walikuwa nazo watu wanne tu: marehemu Orville, aliyekuwa mtunza rekodi; Lyle, bingwa wa klabu; Emmett Pruitt, fundi wa bunduki; na Verlin Rusk, mzee aliyemfundisha Marlys kulenga shabaha mwaka ule baba yake alipofariki.

Kwenye mstari wa kufyatulia, yadi elfu moja kutoka shabaha, Marlys akaokota ganda moja la risasi ya kipimo cha .308. Wapiga shabaha wa pale hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, na kila mmoja hupaka vitako vya maganda yake wino wa rangi yake ili yasichanganyike. Ganda hili lilikuwa na wino wa kijani, na kijani ilikuwa rangi ya Verlin.

Akaingia kwenye jengo la klabu kunywa maji, akaona ukutani alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wenyewe, mahali ambapo kwa miaka kumi na miwili ilining'inia karatasi ya shabaha yenye matundu kumi ya rekodi ya Lyle. Akaiandika kwenye daftari, ingawa akili yake haikuwa hapo.

Lyle, macho mekundu, alisimulia mambo ya Jumamosi kwa utulivu. Wanachama walikuwa wakichagua risasi moja ya kawaida ambayo wote wangeitumia kwenye mashindano. Orville alitaka ile mpya ya milimita sita na nusu, kwa kuwa upepo hauisukumi sana na bega haliumii. Verlin akashikilia .308: inapatikana katika kila duka la mji, mtutu wake unadumu, na yeye anajua tabia zake kwa miaka thelathini. Wakabishana mpaka supu ikapoa. Mwishoni Verlin akamwambia Orville kwamba siku atakapoileta sita na nusu kwenye mstari wake, atamtambua.

Sherifu hakutaka zaidi. Alimpa Marlys hadi saa kumi na moja jioni, baada ya hapo Verlin angelala mahabusu.

Saa tano Marlys alikuwa jikoni kwa Verlin. Mzee hakumkaribisha hata kahawa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Ulikuwa wapi saa moja asubuhi?"

"Shambani kwangu. Peke yangu."

"Ukifanya nini?"

"Mambo yangu."

"Mzee Verlin, watu wanasema umemuua Orville. Nionyeshe bunduki yako."

Verlin akainamisha uso, shingo imekuwa nyekundu. "Binti, nifunge tu. Kabati sifungui."

Marlys aliogopa kwamba kweli anamjua muuaji. Kisha akanyoosha mkono, akachukua funguo pale zilipokuwa zikitundikwa tangu utoto wake, akafungua kabati mwenyewe. Bunduki ilikuwa ile ile, lakini mtutu ulikuwa mpya, unang'aa. Akaangalia maandishi ubavuni mwake, akayarudia mara mbili. Ulikuwa mtutu wa sita na nusu.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu," mzee akanong'ona. "Emmett ndiye aliyeubadilisha, nilimwapisha asiseme. Mabega yangu hayawezi tena, Marlys. Asubuhi nilikuwa nikiijaribu. Nimewatukana wasiotumia .308 miaka thelathini, leo niseme nini? Watanicheka mpaka kaburini."

"Kwa hiyo ungekubali kufungwa?"

Mzee akafunga kabati tena. Marlys alikuwa amewahi kuona watu wakificha wizi na uzinzi, lakini hili la kuona haya kubadili risasi lilimshinda.

Emmett alithibitisha yote. Alipoulizwa mtutu wa zamani uko wapi, alimpeleka nyuma ya karakana: ulikuwa umekatwa vipande viwili, umeshikilia miche ya nyanya.

"Ulikuwa umekwisha," akasema. "Hata ningeutaka, usingefyatua kitu."

Marlys akaegemea ukuta wa karakana akafikiri. Aliyeacha ganda la kijani aliamini kwamba Verlin bado anapiga .308. Emmett alijua sivyo, asingeliacha. Kati ya wenye funguo alibaki mmoja, yule aliyepiga simu.

Akakumbuka ile alama nyeupe ukutani na kwamba Orville ndiye aliyetunza rekodi, akaenda nyumbani kwake. Juu ya meza ya chakula ilikuwepo karatasi ya rekodi iliyotoweka ukutani, na kando yake kioo cha kukuzia na barua ya mkono wa Orville. Marlys aliangalia matundu kumi. Risasi ikipita kwenye karatasi huacha pete ya masizi ukingoni. Tisa yalikuwa na pete. La kumi halikuwa nayo. Lilitobolewa kwa penseli. Kisha akaisoma barua, akakaa chini.

Saa kumi alimkuta Lyle kwenye jengo la klabu, akifagia.

"Verlin hana .308, Lyle. Ameiacha wiki tatu zilizopita."

Fagio likasimama. "Verlin? Haiwezekani."

"Ganda uliliokota wapi?"

"Kwenye nyasi," akasema, kabla hajajizuia. Akakaa kwenye benchi, akaziba uso. Siku ya rekodi, aliyekuwa handakini akiweka alama ni mkewe, Ardis, na sasa ana miaka mitatu kaburini. Ijumaa Orville alimwambia kuhusu lile tundu la penseli, ambalo Ardis pekee angeweza kulitoboa, na kwamba atatangaza mbele ya wote.

"Kombe la rekodi wangelichukua tu," Lyle akasema. "Lakini angelitaja jina lake. Wangesema Ardis mwizi, na hayupo kujitetea."

Marlys akaifungua barua mbele yake. Mistari ilikuwa mitatu: rekodi imefutwa kwa uzembe wa mtunza rekodi, ambaye hakuikagua karatasi, anaomba radhi kwa familia ya Kittelson, anajiuzulu.

Lyle aliisoma, akaisoma tena kwa kidole.

"Ardis hayumo."

"Hayumo."

"Jana usiku Orville alipiga simu. Akasema nisihofu, amepata njia." Akaikunja barua. "Nikamkatia kabla hajaniambia ni njia ipi."