Skrubu Sita za Kibao cha Kona

La, la, wakati huo Filimbi alikuwa ameshastaafu. Sare alirudisha, kofia alirudisha, alichobaki nacho ni ile filimbi yenyewe, na hiyo nayo aliiiba, au basi, tuseme aliisahau mfukoni. Trafiki miaka thelathini na moja! Ndiyo maana jambo likiharibika pale mtaani watu walikuwa hawaendi kituoni kwanza, wanakwenda kumgongea yeye. Na siku hiyo aliyemgongea ni mfagiaji wa barabara, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ufagio bado mkononi.

"Mzee Filimbi, kibao hakipo."

"Kibao gani?"

"Cha watoto. Cha kwenye kona. Nguzo zipo, kibao hakipo."

Filimbi akakaa kuvaa viatu, akaingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto. Maana ilikuwa siku ya kumbukumbu yenyewe: miaka sita tangu ile gari ndogo ipinduke pale konani na vijana watatu wa mtaa ndani yake. Rula, mtoto wa seremala, ndiye aliyekuwa akiendesha. Walimwita Rula kwa jinsi alivyonyooka, mwili na tabia. Kipa, mtoto wa Bucha muuza nyama, yeye alikuwa mdaka mpira. Na Cheka, binti wa mwalimu mkuu, huyo alikuwa anacheka hata msibani mpaka anatolewa nje. Hakupona hata mmoja. Basi kila mwaka, saa nne asubuhi, watu wanasimama pale konani, wanawataja, kisha wanakwenda ukumbi wa shule kula pamoja. Mwaka uliopita ndipo walipotundika kibao: bati lililopakwa nyeupe, maandishi meusi, maneno ya mwalimu mkuu, kazi ya mkono wa mchora vibao wa mtaa, yule waliyemwita Brashi.

"Miwani!" mkewe akapaza sauti kutoka ndani. "Chukua miwani!"

"Macho yangu yanaona."

"Yanaona nini? Jana umeamkia gauni langu kwenye kamba ya nguo."

Hakuichukua. Mwanamume alikuwa na kiburi cha macho, huyo, sijui kwa nini.

Kufika konani, watu kumi na tano tayari, na Bucha katikati yao, mikono kifuani, aproni bado ina damu ya kazi. Filimbi hakumsalimia mtu. Akazizunguka nguzo mbili za chuma, akainama mpaka pua ikakaribia majani. Hapo chini kulikuwa na kifuniko cha kopo la rangi, na ndani ya kifuniko skrubu sita. Hazikumwagwa ovyo. Zimepangwa, ncha zote upande mmoja, na kila moja imefutwa kutu.

"Mvua ya jana ilikatika saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja jioni," akajibu mfagiaji. "Mimi nimepita hapa jana hiyo hiyo saa kumi na mbili kamili jioni. Kibao kilikuwapo."

"Na kifuniko hiki kikavu," akasema Filimbi. "Basi kibao kimetolewa baada ya hapo. Na aliyekitoa hakuwa na haraka."

Nyuma yake kukawa na vurugu. Vijana wawili walikuwa wamemshika ukosi mnunua chuma chakavu.

"Mimi?" yule bwana akalia. "Mimi nije kuiba hapa niache nguzo? Nguzo moja kilo ishirini, hilo bati hata kilo tatu halifiki! Nitukaneni mimi, lakini msiitukane kazi yangu!"

Watu wakacheka, hata siku kama ile. "Mwachieni," akasema Filimbi. "Mwizi wa chuma hafuti skrubu za watu."

"Basi ni seremala!" akafoka Bucha. "Nani mwingine mwenye bisibisi mtaa huu? Mwaka jana alisimama hapa hapa na mkewe, wakasoma, wakashikana mikono wakaondoka. Hata kula hawakula! Tangu siku hiyo nyama hanunui kwangu, salamu hatoi. Sikiliza, mzee. Saa nne ikifika kibao hakipo, naita polisi wa kweli. Wenye sare."

Hilo neno la sare lilimchoma Filimbi, lakini kilichomchoma zaidi ni kingine. Seremala akifungwa pingu siku ya kumkumbuka mwanawe, watu wale hawatakaa tena meza moja maisha yao yote. Na saa zilikuwa zinakwenda.

Saa moja na dakika kumi alikuwa kwa seremala. Karakana yake unaijua aina yake, randa ukutani, maranda ya mbao mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mwenyewe alikuwa anafunga bawaba za kabati, skrubu nne zimebanwa midomoni kama meno ya ziada.

"Mmh," akasema seremala.

"Zitoe kwanza, ndugu yangu, tuongee."

Akazitemea kiganjani. "Sajenti. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza. Jana baada ya saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Halafu nyumbani. Mke wangu ni shahidi, analalamika nakoroma."

"Kibao cha kona kimetolewa."

Seremala hakushtuka. Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu ambariki aliyekitoa."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Hapo mkewe, Mama Rula, akatoka chumba cha nyuma, kitambaa cha msasa mkononi. "Kwa nini? Wewe ndiye unauliza kwa nini? Wewe uliyefika pale wa kwanza? Si wewe uliyekuja kukaa kwenye kiti hiki ukatuambia damu ya mtoto imepimwa, imekutwa safi, tairi ndilo lililopasuka? Halafu unasimama chini ya kibao kile unapiga saluti!"

"Shemeji," akasema Filimbi polepole, "kibao kinasemaje?"

"Hujui kusoma?"

Filimbi akatazama maranda ya mbao. Akasema kwa sauti ndogo, "Miwani sikuwa nayo."

Mama Rula akamkazia macho, kisha akasema bila kupumua, "Kinasema hivi: Na dereva wao, kijana aliyelewa hapa kwetu. Aliyelewa! Mwanangu! Hajawahi kugusa pombe, hata dawa ya kikohozi ilikuwa inamkaba. Nimekisoma mara tatu nikijua macho yangu ndiyo mabaya."

"Mimi kusoma nasoma kwa shida," akasema seremala. "Yeye ndiye aliyeninong'oneza. Nikaona basi, mtaa umeshaamua. Tutakula nini hapo?"

Filimbi alikuwapo kwenye kikao cha kamati iliyopanga kibao. Maneno yalisomwa kwa sauti na hakuna mtu aliyetaja pombe. Akaziangalia zile skrubu kwenye kiganja cha seremala, zimelowa mate.

"Fundi, skrubu huziweka kinywani siku zote?"

"Tangu najifunza kazi. Marehemu baba alisema ipo siku nitameza."

"Kwenye kifuniko je?"

"Za nini? Ziviringike?"

"Funga karakana," akasema Filimbi. "Shemeji na wewe. Twende wote."

Saa mbili kasorobo walimkuta mwalimu mkuu ukumbini akipanga viti. Filimbi akamwomba karatasi ya maneno ya kibao, ile ya mkono wake mwenyewe. Akaitoa kwenye faili. Filimbi akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Chukua," akasema mwalimu, akamvalisha miwani yake, ya kike, fremu nyekundu. Hakuna aliyecheka. Nadhani seremala alitaka.

Filimbi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Na dereva wao, kijana a-li-ye-le-le-wa hapa kwetu. Tunashukuru kwa siku zenu."

Aliyelelewa. Kijana aliyelelewa hapa kwetu. Mama Rula akaishika meza.

"Mwalimu, na kibaoni imeandikwa hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Umekisoma?"

"Sasa mimi nikisome, nami ndiye niliyeyatunga? Nayajua kichwani, nikisimama pale huwa..." Akakatika. Akautazama uso wa Mama Rula, kisha karatasi, kisha tena uso. "Huwa sisomi," akamalizia. "Naimba ninachokijua. Ee Mungu wangu. Mama Rula, kinasemaje?"

Alipoambiwa alikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Huyu mama alimlea Rula darasani miaka saba, na binti yake alikuwa ndani ya gari ile. Neno la malezi aliliweka makusudi, ili mtu yeyote asije akamnyooshea kidole dereva.

"Nani mwingine ameiona karatasi hii karibuni?" Filimbi akauliza.

"Juzi, Brashi. Alikuja kuiomba. Akaisoma amesimama, akaomba maji, akaketi pale kama gunia. Nikadhani sukari imeshuka."

Filimbi akavua miwani, akairudisha kwa heshima zote. "Kifuniko cha rangi," akasema peke yake. "Kazi safi. Twendeni."

Njiani wakamkuta Bucha, akaambiwa afuate na anyamaze, akafuata, kunyamaza hakuweza. Saa mbili na nusu walikuwa mlangoni kwa Brashi. Mlango umefungwa, harufu ya tapentaini inatoka chini yake, na ndani kuna sauti: fwa, fwa, fwa. Filimbi akapuliza filimbi yake, ile ya mfukoni.

"Brashi! Fungua. Huko ndani unapepea nini?"

Sauti ikakoma. Mlango ukafunguka. Brashi alikuwa na macho mekundu na kipande cha katoni mkononi, na nyuma yake, juu ya stuli mbili, kibao kimelala chali, mstari mmoja mweusi unang'aa.

"Haikauki," akasema, karibu alie. "Rangi ya mafuta na unyevu wa mvua, haikauki! Nilitaka saa tatu kiwe kimerudi mahali pake."

"Mwizi huyu hapa!" akafoka Bucha.

"Ngoja," akasema Filimbi. "Brashi, nitasema mimi, ukiona nakosea nisimamishe. Uliziacha skrubu pale nje kwa sababu ulikuwa unarudi. Ulizifuta kwa sababu mkono wako hauwezi kuacha kitu kichafu. Ulizipanga kwenye kifuniko kwa sababu ndiyo meza yako wewe, kifuniko. Na juzi ulipoiona karatasi ukajua umefanya nini. Lakini ulianzaje kushuku? Hapo ndipo mimi sijafika."

"Pancha," akasema Brashi. "Baiskeli ilipata pancha pale konani. Nikakaa chini ya kibao naziba. Nikainua macho, nikakisoma kama mpita njia. Nikasema, eh, nani kaandika matusi haya? Kumbe ni mimi!" Akajipiga paji la uso, akabaki na doa jeusi. "Siku ile naandika nilifika kwenye LE, nikaitwa chai. Niliporudi nikaona LE imeshaandikwa, nikaendelea. Zilikuwa LE mbili, jamani. Mbili! Chai ile moja nimekunywa, mwaka mzima nyinyi ndio mmeumia."

"Mbona hukuja kusema?" akauliza mwalimu.

"Kwa nani? Nikagonge kwa seremala nimwambie samahani, nilimwita mwanao mlevi, nilikosea silabi? Miguu haikuweza. Nikaona nikitengeneze, kirudi, asijue mtu."

Kisha aliyeongea ni Bucha, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

"Mimi nilikisoma. Mwaka jana. Nilikisoma vizuri sana." Akavua aproni yake yenye damu, sijui kwa nini, akaikunja. "Nikasema moyoni, kumbe tulifichwa, huyu dogo alilewa. Nikapata wa kumchukia. Inasaidia, ukiwa na wa kumchukia, usiku unalala. Sajenti aliniambia tairi, mimi nikaamini bati." Akamgeukia seremala. "Asubuhi hii nilitaka ufungwe. Nisamehe, baba Rula. Mtoto wako alikuwa anampeleka wangu mazoezini kila Jumamosi na hata siku moja sikumshukuru."

Seremala akakigeukia kibao. Halafu akamuuliza Brashi kitu kimoja tu, na kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi:

"Kikibebwa kimelala, rangi itaharibika?"

"Kikilala haiharibiki."

"Nina mkokoteni."

Mama Rula alikuwa ameshasogea. Akasoma kwa kugusa, silabi moja moja, na mwalimu mkuu akashindwa kusema usiguse. Aliye. Le. Le. Wa. Kidole kikatoka cheusi. "Asante," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani, maana alikuwa hamwangalii mtu.

Saa nne kasoro dakika tano mkokoteni uliingia konani, kibao kimelala kama mgonjwa, Brashi upande mmoja anakipepea, Bucha upande wa pili anafukuza nzi. Filimbi akatoa mfukoni kile kifuniko na skrubu zake, ushahidi wake wote. Seremala akazimimina skrubu midomoni, akapanda ngazi, akaanza kufunga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akasimama.

"Ya sita iko wapi?" akauliza Filimbi. "Umeimeza?"

Seremala akaitoa kwenye shavu, akacheka. Mwaka mzima hawakuwa wamekisikia kicheko hicho.

Mke wa Filimbi alikuwa amekuja na miwani kwenye mkoba. Akamvalisha. Na Filimbi akapiga saluti akiwa anaona anachokipigia. Wakawataja: Kipa, Cheka, Rula, kijana aliyelelewa hapa kwetu. Watu wote wakamalizia kwa pamoja, Tunashukuru kwa siku zenu, na mnunua chuma chakavu ndiye aliyelia kuliko wote, huyo ambaye hakuhusika na lolote.

Ukumbini viti vilitosha. Bucha akamvutia seremala kiti kando yake, mwalimu akamketisha Mama Rula, akamwekea sahani mbele. Brashi peke yake alibaki mlangoni, doa jeusi kwenye paji la uso, anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama Rula akamnyooshea kile kidole chenye rangi.

"Wewe Brashi! Hapa. Na leo ule chakula chako mpaka mwisho, mtu akikuita chai usiende."

Wakaangua kicheko, watu wote, cha Cheka kabisa, cha kutolewa nje. Brashi akaja, akakaa. Basi wote wakawa wamekaa, sahani zikapita mkono kwa mkono, wakala.