Hodi Kutoka Ofisi Iliyofungwa

Waliokuwamo dukani, Kyela mjini, mchana ule ni hawa. Kheri Mudathiri, fundi wa kompyuta na mwenye duka. Samira, mkewe, aliyepokea wateja. Tuntufye Mwaisaka, katibu wa kikundi cha wakulima wa kakao cha Bujonde. Na Zebedayo Mwasumbi, mwekahazina wa kikundi hicho, mtu asiyependa kuitwa Zebe. Hapakuwa na wa tano.

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na maji bado yalikuwa yametuama barabarani. Kheri aliketi ameunyoosha mguu wenye plasta juu ya stuli. Tangu pikipiki imwangushe njia ya Itungi, hakuweza tena kuwafuata wateja vijijini, na fundi mwingine alikwisha kuanza kuwapitia. Asipopata namna ya kuzitengeneza kompyuta zao akiwa amekaa pale pale, duka lisingeimaliza masika. Alikuwa na programu mbili za kuingilia kompyuta ya mbali, na watu wa Bujonde walikuja kuchagua moja.

"Hii ya kwanza," alisema, "mkishanipa neno la siri, naingia wakati wowote. Hata ofisi ikiwa imefungwa."

"Kama mwizi," alisema Zebedayo.

"Kama fundi, mzee wangu."

"Fundi hupiga hodi. Ya pili je?"

"Ya pili inapiga hodi. Kwenye kioo chenu linatokea ombi, mtu anabonyeza Kubali. Asipobonyeza, sioni kitu. Nanyi mkitaka kuingia kwangu, mnaomba vivyo hivyo."

"Basi hiyo ndiyo yetu," alisema Tuntufye.

Samira alicheka. "Mzee Tuntufye, ukiwa shambani atabonyeza nani? Ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu wana akili kuliko mume wako, binti yangu."

Wakacheka wote, Kheri naye. Kisha akataka kuwaonyesha ubaya wa programu ile ya pili. Kompyuta ya Bujonde walikuwa wameiacha inawaka, programu zote mbili zimo kwa majaribio. Ofisi ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa pekee ulikuwa mfukoni mwa Tuntufye. Angetuma ombi, ombi lingekaa bila jibu, nao wangeelewa.

Akatuma.

Ombi lilikubaliwa kabla hajaondoa kidole.

Kioo cha Bujonde kikafunguka mbele yao. Mshale ulikuwa ukitembea taratibu, ukifuata kingo za kioo, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango.

"Nani yuko huko?" alinong'ona Samira.

Tuntufye aliutoa ufunguo, akauweka mezani.

Kheri akaiwasha kamera ya kule. Magunia ya kakao yalikuwa yamepangwa mahali pake. Dirisha limefungwa. Kiti cha katibu kitupu. Ila mto wa kuegemea ulikuwa umebonyea katikati, na walipokuwa wakitazama, ukazidi kubonyea.

Herufi zikaanza kutokea, moja moja. *Mugonile.* Ndiyo salamu ya Kinyakyusa apewayo mtu wa heshima.

Kheri akakata mawasiliano. Halafu kioo cha duka lenyewe kikaleta ombi: Bujonde inaomba kuingia. Kubali. Kataa.

"Msiguse," alisema Kheri.

Akajiinua auchomoe waya wa umeme nyuma ya meza. Mguu ukamrudisha kitini.

Tuntufye alikuwa amekaa karibu zaidi. Naye hakuwahi, tangu utoto, kuiacha hodi ikae bila jibu. Kwao, mgeni anayenyamaziwa huondoka ananung'unika, na manung'uniko yake humshukia mwenye nyumba kama baridi. Wazee huiita pumzi ya watu. Mkono wake ulikwisha kufika kwenye kipanya.

"Tuntufye," alinong'ona Zebedayo. "Acha."

"Wamesalimia," alijibu. "Wamesalimia vizuri."

Akabonyeza Kubali.

Hakuna kilichobadilika kwenye kioo. Mshale ulitulia. Feni iliendelea kuzunguka. Lakini Samira alivuta kiti chake pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake apite. Alipoulizwa baadaye kwa nini alifanya hivyo, alisema hakujua kwamba alikuwa amefanya.

"Mbona pana baridi humu?" aliuliza Tuntufye.

Joto la Kyela mchana ule lilikuwa likiwatoa jasho. Samira akamfunika kwa kanga, kisha kwa nyingine. Meno yake yaligongana. Zebedayo akamshika mkono, akauachia, kisha akaona haya na kuushika tena. Wakampeleka hospitali kwa bajaji. Walimpima malaria. Hakuwa nayo.

Kheri alizifuta programu zote mbili jioni ile. Hakutafuta ya tatu. Kikundi cha Bujonde kilimchukua fundi yule mwingine, na wateja wa kijiji cha Talatala wakafuata. Wachache tu hubeba kompyuta zao mpaka dukani.

Kompyuta yake mwenyewe ameifuta yote na kuipakia upya. Haina mtandao. Kipanya amekichomoa. Hata hivyo kila mteja anapoingia, mshale husogea mpaka ukingo wa kioo, upande ule aliosimama, ukakaa hapo mpaka aondoke. Wateja hawauoni. Kheri amezoea kuigeuza kompyuta itazame ukutani.

Tuntufye Mwaisaka alifariki Ijumaa ya wiki ile, nyumbani kwake Bujonde. Alizikwa Jumapili.