Namba ya Mzee Masudi

Mimi si mtu wa kuamini majini. Nina duka la kutoa kopi hapa Kagongwa, na mtu akiniuliza habari za dawa ya mvuto namwambia aanze na sabuni. Haya yalimpata mdogo wangu Cornel, tuliyetoka naye tumbo moja. Mwisho wake niliuona mwenyewe, mchana kweupe.

Cornel alikuwa fundi wa kompyuta katika mgodi mmoja mdogo upande wa Bulyanhulu. Alikuwa akiandaa vifurushi vya Linux, yaani anachukua programu ya seva na kuifunga pamoja na maelekezo yake, ili ukiiweka kwenye mashine ijipange yenyewe. Programu aliyoifunga mwaka ule ilikuwa ya kuhesabu wachimbaji. Mtu akishuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, inaandika ameingia, akipanda, ametoka.

Kabla ya hapo kazi hiyo aliifanya mzee Masudi, Mnyamwezi wa Tabora, kwa kalamu na daftari alilolitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Alikaa mdomoni mwa duara, na hakulifunga daftari mpaka mtu wa mwisho apande. Seva ilipofika alibaki pale pale, akibonyeza majina kwenye simu. Daftari hakuliacha. "Umeme hukatika," alisema.

Cornel alinieleza kwamba kila programu ya seva hupewa mtumiaji wake ndani ya mashine. Si mtu. Hana neno la siri wala mlango wa kuingilia. Anamiliki mafaili ya programu yake, basi. Kwa utani wake, Cornel akamwita mtumiaji huyo masudi, na mashine ikampa namba 994.

"Umenipa kazi isiyo na usingizi, mjukuu wangu," mzee alicheka.

"Na ukimfuta?" mimi nikauliza.

"Sisi mafundi tunakatazana kumfuta, dada. Jina linaondoka, mafaili yanabaki na namba yake. Namba ikikaa wazi anapewa anayefuata, na vya mwenzake vyote vinakuwa vyake."

"Kama kurithi mjane."

Tulicheka sana siku hiyo. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Mwezi wa tatu duara likaporomoka. Habari zikafika Kagongwa kwamba hakuna aliyekufa: kompyuta ilionyesha wote wametoka, na jioni ile ile wakalifukia. Ila mzee Masudi hakuonekana tena. Watu hawakosi la kusema. Wakasema kapata mwanamke Geita.

Mkewe, Mama Nasibu, alikuja dukani kwangu kutoa kopi za picha yake akazibandike stendi.

"Nyamizi mwanangu," aliniambia, "kama kafa, nikae eda nimlilie. Kama kanikimbia, nimtukane. Hivi nilivyo, sijui nifanye lipi."

Nikageuka kumwita Cornel, aliyekuwa amekuja kunitembelea siku hiyo, amsaidie. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

La kuvunda halina ubani. Miezi mitano baadaye Cornel alikuja dukani saa tisa na nusu alasiri, siku ya kazi, macho mekundu, kompyuta yake ndogo kwapani. Akafunga mlango.

"Dada, mimi nilimwona akishuka."

Siku ile ya maporomoko, saa kumi alasiri, jina moja lilikuwa bado halijapanda. Mzee Masudi akachukua tochi na daftari lake. "Usifunge. Nakuja," alimwambia Cornel, akashuka. Kumbe mchimbaji aliyekuwa akitafutwa alipandia duara la pili, akaja, Cornel akamwandika ametoka. Ardhi ikaguruma. Bosi akauliza kama wote wametoka. Cornel akatazama kioo. Wote wametoka. Mzee hakuwemo kwenye orodha, kwa sababu mwandishi hajiandiki. Mdogo wangu akaogopa kibarua kuota nyasi, akasema ndiyo.

Nilimzaba kofi. Sijui kama nilikosea.

Hakulia. Alisema baada ya hapo hakuweza kulitazama lile jina kwenye mashine. Akatengeneza kifurushi kipya chenye amri ya kumfuta masudi. Jina likaondoka. Namba ikabaki. Na kila siku, saa kumi alasiri, orodha inajiandika.

"Nani anaandika?"

"Hakuna mtu," alinong'ona. "Hana hata mlango wa kuingilia."

Akafungua kompyuta juu ya kaunta, akaiunganisha na seva ya mgodini. Tukasubiri. Saa kumi ikafika. Mstari ukaja mbele ya macho yangu. 994 ameingia. Mikono ya Cornel ilikuwa mapajani.

Kesho yake nilimshika mkono mpaka kwa Mama Nasibu. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Niletee mume wangu."

Wachimbaji sita walikubali kufukua. Cornel alikuwa wa saba. Siku ya nne wakampata mzee, amekaa, ameegemea matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, daftari kwenye mfuko mapajani. Matimba yakaanza kulia. Wakamfunga kamba mgongoni kwa mmoja wao, wakapanda mbio. Juu vumbi lilikuwa zito, mtu hakumjua mwenzake. Wakahesabu vichwa. Saba. Wakashukuru Mungu.

Jioni Cornel alifika kwangu amejaa vumbi. Kwenye maziko hakuja, nikajua ni aibu. Mgodini hakurudi. Akawa anashinda kwenye kiti cha pembeni dukani, chai mbele yake. Wateja hawakumsalimia. Nikadhani wanamkwepa kwa lile alilofanya, na moyo uliniuma.

Mama Nasibu alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Ilipoisha alikuja kunishukuru, na lile daftari mkononi. Akaangaza huku na huku.

"Cornel yuko wapi? Tangu siku ile hakuna aliyemwona."

"Si huyo hapo."

Akatazama kiti. Akanitazama mimi.

"Nililifungua jana tu," alinong'ona, akalifungua daftari ukurasa wa mwisho.

Mwandiko wa mzee Masudi. Tarehe ya siku aliyofukuliwa. Majina saba. Sita yana ameingia na ametoka. La saba lilikuwa la Cornel. Ameingia.

Hapo ndipo nilipohesabu. Walishuka saba. Walipanda saba. Na mmoja wao alikuwa maiti.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa upole, vumbi limeganda kwenye kope.

"Usifunge, dada," alinong'ona. "Nakuja."

Kiti kikawa kitupu. Chai ilikuwa imejaa hadi ukingoni, mchanga umetuama chini ya kikombe. Kompyuta yake ilikuwa wazi kwenye kaunta. Saa kumi kamili. Mstari mpya haukuwa na 994 tena; namba ile iliyoachwa wazi ilikuwa imepata jina. cornel ameingia.

Wachimbaji wanasema duara lilijifukia lenyewe, na hakuna wa kushuka tena. Bado natafuta atakayekubali. Mpaka nimpate, mlango wa duka langu siufungi, usiku wala mchana. Kikombe nakijaza kila jioni, na kila asubuhi nakuta mchanga.